Mwaka Mwalimu Mgaya Alipotengwa

Mama Neema alinipigia simu nikiwa sokoni Iringa, kikapu cha njegere mkononi, akaniambia kwamba mume wake, Mwalimu Mgaya, amefariki alfajiri na kwamba wazee wa kanisa wako tayari kumzika kwa tarumbeta iwapo yeye mjane atakubali kusema marehemu alitubu. Habari zote mbili alizitoa kwa sauti moja, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia kabla ya kushika simu. Nikamuuliza alitubu nini. Akasema, "Si unajua mwenyewe, Tumpe." Nilijua. Niliweka kikapu chini nikasimama katikati ya watu nikiwazibia njia, na muuza njegere akadhani naumwa, akanivutia kigoda. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira ambayo nilidhani imeshazeeka pamoja nami, kumbe ilikuwa imelala tu.

Mwalimu Mgaya ndiye aliyenifundisha tromboni, na tromboni imenilisha maisha yangu yote: kwanza katika okestra za Ulaya, ambako tulivaa nguo nyeusi na kupiga kilichoandikwa bila kuongeza hata pumzi, na baadaye katika vilabu vya jazi, ambako asiyeongeza cha kwake haitwi tena. Waandishi wa magazeti wamezoea kuniuliza muziki upi ni wangu hasa kati ya hiyo miwili, na mimi nimezoea kuwajibu kwa utani ili tumalize. Jibu la kweli ni kwamba yote miwili niliipata Iringa, katika mwaka mmoja, kutoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo aliadhibiwa kwa kunipa. Hilo halijawahi kutoka gazetini.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mbeya, nimekuja Iringa kusomea upigaji chapa, na Jumapili niliimba soprano kwenye kwaya kwa sababu ndipo wasichana walipowekwa. Bendi ya tarumbeta ilikuwa ya wavulana. Siku moja baada ya ibada Mwalimu Mgaya, aliyekuwa kiongozi wa bendi na mwalimu wa shule ya msingi siku za kazi, alinisimamisha mlangoni, akanitazama mikono, akaniambia mikono mirefu kama hii inapotea bure kwenye soprano. Kijana wake mmoja alikuwa ameondoka kwenda jeshini, na tromboni ilikuwa imelala bila mtu. Wazee wa kanisa walinung'unika. Msichana akishupaza midomo namna hiyo nani atamwoa, walisema, na walisema nikiwapo, kama vile mimi ni kiti. Mwalimu aliwajibu kwamba yeye anatafuta mtu wa kupiga sauti ya tatu, hatafuti mchumba. Wakaniacha, ila nikakumbushwa mara kadhaa kwamba chombo ni mali ya kanisa, kimetoka kwa marafiki wa Ujerumani, na kanisa linaweza kukichukua wakati wowote.

Tulifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya kanisa, kati ya magunia ya mahindi yaliyotolewa sikukuu ya mavuno, na mpaka leo nikinusa mahindi makavu midomo yangu hujikaza yenyewe. Asubuhi za Iringa mwezi wa sita ni za baridi kali. Tuliweka midomo ya tarumbeta, vile vipande vya kupulizia, kwapani ili isitugande usoni, na mrija wa kuvuta wa tromboni niliupaka mafuta ya cherehani. Mwalimu hakuturuhusu kupuliza wimbo ambao hatujauimba. Aliandika sauti zote nne ubaoni kwa do re mi, tukaziimba moja moja, kisha zote, na ndipo aliposema chukueni. Kwa upande wangu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaiota. Tromboni haina vitufe vya kubonyeza. Mkono wako ndio unaotafuta sauti, na ukizembea utaiburuza sauti moja hadi nyingine, ikateleza. Kanisani hatutelezi, alisema. Kila nota ikatwe kwa ulimi, isimame peke yake, safi. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko mwalimu yeyote wa Kijerumani niliyekutana naye baadaye, na nawakumbuka wote.

Nyumbani kwake Kihesa alikuwa mtu mwingine. Palikuwa na sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya redio ya kaseti, na Jumamosi mchana Mama Neema alileta viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, akakaa nasi akimnyonyesha Neema. Mwalimu alikuwa amenunua duka la Mhindi barabara kuu kaseti moja ya jazi ya Kimarekani, isiyo na jalada, na humo alikuwamo mpiga tromboni ambaye hatukujua hata jina lake. Mtu huyo aliteleza. Alicheka kwa tromboni, alilalamika, alibisha hodi akaingia kabla hajakaribishwa. Mwalimu alirudisha kaseti nyuma, akapiga pale, akarudisha tena, mpaka Mama Neema akamuuliza kama ana mpango wa kumzaa upya huyo Mmarekani. Kisha alinipa mimi tromboni, akaniambia nijibu. Nilimuuliza nijibu nini. Akasema chochote, mradi kiwe changu na kiwe kimesikia kilichosemwa.

Baada ya chai tulikwenda hotelini karibu na stendi, ambako kulikuwa na dansi la mchana, bugi kama lilivyoitwa, na Mwalimu alipiga na bendi ya pale. Mama Neema alikuja nasi kila mara, mtoto mgongoni, ili watu wasipate la kusema. Mimi nilikunywa soda, nikakaa karibu na jukwaa, na wiki chache zikipita walianza kuniachia wimbo mmoja nipige. Sitawasahau wanamuziki wale. Walinicheka nilipopotea, na nilipopatia hawakunisifu, waliongeza sauti tu nyuma yangu ili nijue wapo. Na simsahau Mzee Kalinga, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu, ambaye alikaa meza ya karibu na mlango wa jikoni, chupa ya soda mbele yake na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, miguuni. Alitupungia mkono kila Jumamosi. Aliwahi hata kumwomba Mwalimu wimbo. Nalitaja hili hapa kwa makusudi, kwa sababu baadaye mzee yule aliulizwa kama alijua, naye akasema ameshtuka sana.

Kisha mama yake Mzee Kalinga akafariki huko Nyololo, na bendi ikapanda lori kwenda kumzika. Yeyote aliyesimama Nyololo siku ya upepo anajua ninachosema: vumbi la barabara kuu linakuja upande huu, baridi ya Mufindi inakuja upande ule. Wageni walikuwa wengi, mchungaji alichelewa, jeneza likachelewa kutoka, na kama ilivyo desturi msibani tuliambiwa tuendelee kupiga ili watu wasikae bure. Tuliurudia wimbo uleule mpaka midomo ikafa ganzi. Ubeti wa mwisho, jeneza likiwa ndiyo linatoka mlangoni, nilipaswa kuikamata nota ya juu, na midomo ikakataa. Mpiga tromboni ananielewa. Nilianza chini yake nikavuta mrija, nikaipanda nota ile kwa kuteleza, kama mtu anayepanda kilima kwa kushikilia majani.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jamvi, rafiki wa marehemu tangu usichana wao, aliinua kichwa. Nilimwona. Alinitazama mimi, si jeneza, kwa macho ya mtu aliyeitwa. Nikateleza tena, safari hii kwa kutaka, na sijutii. Yule bibi akasimama, akaanza kusogeza mabega polepole, akilia, na mabibi wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja wakaingia nyuma yake, wakamsindikiza mwenzao hadi kaburini wakicheza na kulia kwa pamoja. Nimepiga katika kumbi za viti vya mahameli, nimepigiwa makofi mpaka mikono ya watu ikachoka, na sijawahi kujibiwa hivyo tena. Wavulana wa bendi walinifuata. Hata Mwalimu, ambaye uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira pale mwanzoni, alikunjua uso. Mtu pekee aliyeona aibu alikuwa Mzee Kalinga, kwa sababu wageni wake wakubwa kutoka mjini walikuwa wanatazama, na mama yake alikuwa anazikwa kwa dansi.

Tuliitwa mbele ya baraza la wazee wiki iliyofuata. Walikaa upande mmoja wa meza ndefu, mimi na Mwalimu tukasimama upande wa pili, na hapakuwa na mwanamke mwingine chumbani. Waliniuliza nani alinifundisha kupiga kiulevi. Waliniuliza kama najua tromboni ni ya nani. Mzee Kalinga, kwa upole mwingi ambao mpaka leo unanichefua, alieleza kwamba nitarudisha chombo siku hiyohiyo, nitatengwa mpaka nitubu mbele ya washarika, na jina langu litaondolewa kwenye semina ya Mbeya. Semina hiyo ndiyo niliyoishi kwa ajili yake. Bendi zote za nyanda zetu zilikuwa zinakutana huko, na mwalimu mgeni wa Kijerumani angechagua kijana mmoja wa kwenda kusoma muziki kwao. Nilitaka kusema midomo ilikuwa imechoka. Sikuwahi.

"Nilimwagiza mimi," alisema Mwalimu Mgaya. "Nilimwambia ateleze."

Ulikuwa uongo mtupu. Yeye aliyeniimbia kila siku kwamba kanisani hatutelezi! Niligeuka kumtazama, naye hakunitazama. Mzee Kalinga akamuuliza kama anaelewa anachosema, na kama ni kweli kwamba anapiga pia kwenye mahoteli. Mwalimu akajibu kwamba Mzee Kalinga anaweza kulijibu hilo vizuri zaidi yake, kwani huwa anaona jukwaa lote kutoka pale anapokaa. Wazee wengine walitazama meza. Ndani ya dakika hizo mimi nikawa mtoto aliyepotoshwa, nikaachiwa tromboni, na yeye akawa mpotoshaji, akatengwa badala yangu.

Kwa asiyejua kutengwa ni nini, nieleze. Jina lako linasomwa Jumapili baada ya matangazo ya mazao na vikao, nawe upo, watu wanageuka. Unahamia benchi la nyuma. Meza ya Bwana huisogelei. Ukifa katika hali hiyo kengele haigongwi, kwaya haiji, tarumbeta haipigwi, na ndugu zako wanakuzika kama wajuavyo. Ukitaka kurudi kundini, njia ni fupi: unasimama mbele, unataja dhambi yako, unasema umetubu, unapokelewa. Niliwaona wengi wakirudi mwaka ule, walevi, wazinzi, mmoja aliyempiga mkewe mpaka akamvunja mkono, na wote walitumia muda usiotosha kuchemsha chai. Mwalimu naye aliitwa. Aliwaambia kwamba dhambi anazo na yuko tayari kuzitaja: ana kiburi, ana hasira, amewahi kumsema mkewe vibaya mbele ya mgeni. Lakini ule muziki, alisema, hataki kuuweka kwenye orodha hiyo kwa sababu haumo. Wakamrudisha benchi la nyuma. Bendi aliyoianzisha ikapewa mpwa wa Mzee Kalinga, kijana mwema asiyejua fa na sol.

Nilikwenda Mbeya bila yeye. Alinisindikiza stendi, akanipa viazi kwenye kitambaa kimoja cha kufuma, akanikumbusha kupaka mafuta mrija, basi. Mbele ya yule mwalimu mgeni, mama mmoja mrefu mwenye kikohozi, nilipiga wimbo wa zamani wa Kijerumani kwa kukata kila nota, safi, jinsi nilivyofundishwa stoo. Akauliza kama nina kingine. Nikampigia jibu langu kwa yule Mmarekani asiye na jina, jinsi nilivyofundishwa sebuleni. Alikohoa, akauliza mwalimu wangu ni nani na yuko wapi. Mzee Kalinga, aliyekuja na bendi akiwa mkuu wa msafara, aliwahi kujibu kabla yangu. Alisema mimi ni tunda la malezi ya kanisa letu. Nikachaguliwa. Wakapiga makofi, na yeye akapiga kuliko wote.

Mwaka wa tatu wa masomo nilirudi likizo, nikamkuta Mwalimu amehamia Mbalizi, upande wa mkewe, analima mahindi na kufundisha watoto wa jirani tarumbeta mbili za kuazima. Nilimsihi. Nilimwambia aseme maneno tu, Mungu anajua moyo wake, arudi kwenye bendi yake, nani anaumia kwa sentensi moja? Tulikuwa tunakula ndizi za kupikwa na nyama, na Mama Neema aliacha kula ili asikie.

"Nikisema ule muziki ni dhambi," alisema Mwalimu, "basi dhambi yangu ni wewe. Unataka niitubu?"

Sikumsihi tena. Nami nimezeeka nikiona yaliyofuata. Siku hizi kanisa lilelile lina gitaa la umeme na kinanda na spika za kutosha kuhamisha kijiji, kwaya zinakata viuno kwenye video, na vijana wa tarumbeta wanateleza kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho, na watu wanasema Roho ameshuka. Mzee Kalinga amezikwa kwa tarumbeta, nao waliteleza. Katika miaka yote hiyo hapakutokea mtu mmoja, hata mmoja, aliyefungua mdomo kusema kwamba yule mwalimu aliyetengwa kwa hayahaya tunayoyafanya aitwe, aombwe radhi. Walingoja afe. Na alipokufa wakaona haifai mwanzilishi wa bendi azikwe kimya, watu wangeuliza maswali, wakatafuta njia ya kumzika kwa heshima bila wao kukosea popote. Njia ikawa atubu akiwa maiti.

Nilifika Mbalizi mchana. Wanawake walikuwa wanachambua mchele uani, na ndani, sebuleni, mchungaji na wazee wawili walikuwa wamekaa na Mama Neema. Mchungaji ni kijana, hakuwa amezaliwa wakati ule, na nadhani alitaka kusaidia kwa kweli. Alikuwa amepiga simu Iringa, akaambiwa marehemu hajawahi kurudi kundini. Basi akamweleza mjane taratibu kwamba mgonjwa aliyeshindwa kusema anaweza kutubu kwa ishara. Labda siku ya mwisho aliposomewa sala alimminya mkono? Inatosha mjane akisema alimminya mkono. Yeye atatangaza, bendi itapiga, kengele itagongwa.

Nililipuka. Niliwaambia yote niliyoyaandika hapa na mengine yasiyoandikika, nikiwa nimesimama, mkoba bado begani, mpaka mzee mmoja akaniambia binti tulia, nami nina mvi nyingi kuliko yeye. Mama Neema aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nikae. Alizipanga khanga zake magotini, akamgeukia mchungaji.

"Baba mchungaji, nimekushukuru kwa kuja," alisema. "Hakuniminya mkono. Mkono wake ulikuwa umepooza tangu Pasaka, na wangu nilikuwa nautumia kumfutia mate. Aliwasikia mkisali, akalala. Siwezi kumsingizia, kesho hayupo wa kunijibu."

Mchungaji alisema basi mikono yake imefungwa. Akaombea chakula, hawakula, wakaondoka.

Nilimwambia Mama Neema kwamba kama wao hawapigi, mimi nitapiga. Tromboni yangu ilikuwa kwenye gari, ile niliyoipigia nusu ya dunia, na nilikuwa nimeshachagua wimbo. Nilidhani atafurahi. Alitikisa kichwa.

"Ukipiga watasema alizikwa vizuri," alisema. "Watakwenda kulala. Iache huko garini, mwanangu. Wasikie walichofanya."

Tulimzika kesho yake saa nane. Watu walikuja wengi, washarika pia, hata vijana wa bendi waliovaa mashati yao meupe wakasimama nyuma mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Shemeji wa marehemu aliomba. Neema, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alimshukuru kila mtu. Jeneza liliposhushwa, pale ambapo tarumbeta huanza, watu wote waligeuza vichwa kutazama upande ambao bendi husimama, kwa mazoea, wote kwa pamoja, wakangoja. Mtoto fulani akamuuliza mama yake mbona hawapigi. Nilikunja ngumi zangu ndani ya khanga. Kisha wanaume wakachukua makoleo, na kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu na hapakuwa na sauti nyingine yoyote, tulisikia kila koleo la udongo likigonga mbao za jeneza, na hakuna aliyeweza kuondoka mpaka kaburi lilipojaa.